Mirathi ya Mahasimu Wawili

Iko njia katika mashariki ya Marekani, yenye urefu upatao maili 334, ambayo huanza Pittsburgh, mji wa chuma uliokaa mahali mito miwili ikutanapo na kuuzaa mto Ohio, ikavuka milima ya Allegheny na kuteremka pamoja na mto Potomac hata ikaishia Georgetown, ndani ya jiji la Washington. Nayo mtu aweza kuipita karibu yote juu ya baiskeli pasi na kusikia honi ya gari nyuma yake. Lami haipatikani ila kwa vipande. Upande wa magharibi imetandazwa kokoto laini za mawe ya chokaa zikashindiliwa, na upande wa mashariki ni changarawe na udongo, ambao mvua ikinyesha hugeuka tope la kumtia adabu mwenye haraka. Waiendeao kwa starehe huichukua kwa juma moja au zaidi, mizigo yao wameifunga katika mikoba ya pembeni juu ya keria, wakilala katika nyumba za wageni za vijiji vya njiani au katika mahema kando ya mto, na alfajiri wakateka maji kwa bomba la mkono. Ajabu ya njia hii ni kwamba katika wote waliotoa mali zao ili majabali yapasuliwe na madaraja yajengwe, hapana hata mmoja aliyenuia kumstarehesha mtu yeyote. Walikuwa watu wa tijara, kila mmoja akimwombea mwenziwe hasara. Na laiti husuda yao ingalikuwa pungufu kidogo, njia yenyewe isingalikuwapo leo.

Habari zake zaanza na George Washington, kabla hajawa jemadari mkuu wala rais. Mwezi wa Mei 1754, akiwa kijana wa miaka 22 katika utumishi wa serikali ya Virginia, aliteremka kwa mtumbwi katika mto Youghiogheny akitafuta njia ya maji ya kupitishia watu na shehena kuelekea Ohio, walikokuwa Wafaransa. Akafika mahali paitwapo Ohiopyle, akayaona maporomoko, akafahamu kwamba hapapitiki, akarejea. Lakini fikira ya kuyaunganisha maji yamiminikayo baharini na maji yaendayo bara haikumtoka tena maishani. Mwaka 1785 alikuwa rais wa kwanza wa kampuni iliyoundwa kuusafisha mto Potomac na kuchimba mifereji mifupi ya kuyakwepa maporomoko yake, kazi ambayo haikuleta faida ya maana naye akafariki mwaka 1799 kabla haijakamilika. Warithi wa fikira hiyo walikata shauri kuuacha mto na mawe yake, wachimbe mfereji mzima pembeni mwake hata Pittsburgh, na kampuni yao wakaipa jina la mahali walipotoka na mahali walipotaraji kufika: Chesapeake na Ohio.

Tarehe 4 Julai 1828, sikukuu ya uhuru wa nchi, Rais John Quincy Adams alikuja kando ya Potomac, maili chache juu ya Georgetown, kuufungua mfereji kwa sepetu. Alihutubia, kisha akaikita sepetu ardhini, nayo ikagonga mzizi. Akaikita mara ya pili, ikakataa. Hapo rais, ambaye kwa tabia alikuwa mtu mkavu asiyependwa sana na makutano, akavua koti lake mbele ya hadhara, akaishika sepetu kwa nguvu zake zote mpaka udongo ukainuka, na umati ukamshangilia kwa kelele ambazo hotuba yake haikuzipata. Siku iyo hiyo, katika mji wa Baltimore, usio mbali na hapo, mzee Charles Carroll wa miaka 90, wa mwisho aliyesalia hai miongoni mwa waliotia sahihi tangazo la uhuru la 1776, aliliweka jiwe la kwanza la reli ya Baltimore na Ohio. Kampuni mbili, siku moja, zikiitazama biashara moja ng'ambo ya milima ile ile: ni nadra historia kuwapanga mahasimu kwa unadhifu kama huu.

Hawakukawia kugombana. Mahali paitwapo Point of Rocks mlima umeusogelea mto hata nafasi iliyobaki ni kama uchochoro, na kila mmoja akadai kuwa uchochoro huo ni haki yake. Kesi ikaendelea mpaka Januari 1832, mahakama ya Maryland ilipoupa mfereji haki ya kutangulia. Na baada ya hapo wakasikilizana kwa shingo upande kupita bega kwa bega. Mfereji ulishinda mbele ya majaji ukashindwa mbele ya majabali. Reli ilifika Cumberland, mji ulio chini ya milima, mwaka 1842, ilhali mfereji uliingia mji huo tarehe 10 Oktoba 1850, umekwenda maili 184 na nusu, umekula zaidi ya dola milioni 11, na hauna tena senti ya kuupandisha milimani. Ohio iliyokuwa katika jina lake haukuiona kamwe.

Gharama nyingine haikuhesabiwa kwa dola. Wachimbaji, ambao wengi wao walikuwa Waairishi waliotoka katika nchi yenye shida, walifanya kazi kwa sepetu, sululu na baruti, wakilala katika vibanda vilivyosongamana. Na mwaka 1832 kipindupindu kikaingia katika vibanda hivyo, wakafa wengi, na waliobaki wakatawanyika kwa hofu. Ujira ulipochelewa, makundi ya Waairishi waliotoka pande mbalimbali za kisiwa chao yalipigana yenyewe kwa yenyewe, na Januari 1834 Rais Andrew Jackson akapeleka askari wa serikali kuuzima ugomvi huo, jambo ambalo halikuwa limetendwa kabla katika fitina za wafanya kazi wa nchi ile. Mwenye kupita leo kwa baiskeli chini ya miti mikubwa, akisikia ndege na maji, haoni kaburi wala kibao cha wengi wa watu hao.

Taabu kuu kuliko zote ilikuwa Paw Paw. Hapo Potomac hujipinda mara kadhaa katika mabonde membamba, na wahandisi, badala ya kuufuata, waliamua kulitoboa jabali moja kwa moja. Mkandarasi, Lee Montgomery, aliyekuwa pia mhubiri wa Kimethodisti, alidhani kwamba kazi aliyoianza mwaka 1836 ingemchukua miaka miwili. Jiwe lilikuwa la matabaka yenye kuporomoka. Ikabidi handaki zima la futi 3,118 livikwe matofali, yapata milioni sita. Fedha zikaisha, kazi ikasimama miaka kadhaa, na hata handaki lilipofunguliwa ilikuwa imetimia miaka 14. Nalo halikuwa na upana wa kupishana mashua mbili. Husimuliwa, na msimulizi hana wa kumwuliza, kwamba manahodha wawili walikutana humo ndani, kila mmoja akakataa kurudi nyuma, wakakaa siku kadhaa huku mashua zikizidi kupanga mstari huku na huku, mpaka msimamizi wa mfereji alipowasha moto wa mabua mabichi ya mahindi mdomoni mwa handaki, na moshi ukaamua yale ambayo busara ilishindwa kuyaamua. Siku hizi mpanda baiskeli hushuka, akawasha tochi, akaisukuma baiskeli juu ya ile njia nyembamba ya ukingoni, mkono mmoja ukipapasa uzio ambao kamba za mashua ziliuchimba mifereji midogo midogo kwa kuusugua miaka mingi.

Zafaa kusema kidogo jinsi mfereji ulivyofanya kazi, kwa kuwa ndiyo sababu ya njia kuwa kama ilivyo. Mashua ya makaa ya mawe, ndefu futi zaidi ya 90 na yenye kubeba kiasi cha tani 120, haikuwa na tanga wala injini. Ilivutwa kwa kamba na baghala wawili au watatu waliotembea ukingoni, ilhali wenzao wa zamu ya pili wamo ndani ya zizi la mbele ya mashua wakipumzika na kula. Baghala hawezi kuvuta shehena na kupanda mlima kwa pamoja. Kwa hiyo njia yake ilifanywa tambarare kabisa, na mwinuko wote wa futi 605 kutoka Georgetown hadi Cumberland ukakusanywa mahali 74. Kila mahali palijengwa chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma, kilichoitosha mashua moja kwa nafasi ya inchi chache kila upande. Mashua iliingia, mlango wa nyuma ukafungwa, maji yakaachiliwa kuingia au kutoka, na mashua ikapanda au kushuka futi nane hivi, kisha ikaendelea na safari. Kwa hiyo mpanda baiskeli wa leo huenda maili kadhaa bila kujua kama anapanda au anashuka, halafu akakuta kilima kifupi mno, ambacho miguu hukitambua kabla ya macho. Na akigeuza uso huona lango la maji la zamani na nyumba ya mlinzi wake.

Mlinzi huyo alipewa nyumba, kipande cha bustani na dola 150 kwa mwaka, na kwa ujira huo alitakiwa aamke saa yoyote ya mchana au usiku aisikiapo baragumu ya nahodha. Wengi walioa na wakawa na watoto tele, kwa kuwa kazi ilikuwa ya mikono mingi. Hali kadhalika mashuani: nahodha alikaa na mkewe na wanawe katika chumba kidogo cha nyuma, mama akapika na kushika usukani, na mtoto, wa kiume au wa kike, akatembea na baghala kutwa. Safari ya Cumberland hadi Georgetown ilichukua kiasi cha siku tano, mwendo wa maili mbili tatu kwa saa. Nimeona watu wakiuita mwendo huo wa kizembe. Aliyewahi kutembea maili 20 kwa miguu akiongoza wanyama wakaidi, ana umri wa miaka kumi, hangeliita hivyo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipita juu ya mfereji, majeshi yakivuka na kubomoa na kuvuka tena, naye John Brown alikuwa amekwisha tangulia, usiku wa Oktoba 16, 1859, akitokea upande huu wa Maryland na watu wake, weusi na weupe, akalivuka daraja la Harpers Ferry kwenda kuwakomboa watumwa kwa silaha. Miaka ya 1870 ilikuwa ya neema, mamia ya mashua yakiteremsha makaa. Kisha mwaka 1889, mwanzo wa Juni, ikaja gharika iliyobomoa kingo, ikang'oa malango na kuiacha kampuni muflisi.

Hapa ndipo husuda inapoingia kazini. Aliyeshika hati nyingi za deni la mfereji hakuwa mwingine ila hasimu wake wa tangu mwanzo, reli ya Baltimore na Ohio. Kwa desturi ya biashara, mdai hungoja mdaiwa afe apate kuigawa maiti. Lakini wakubwa wa reli walitazama ramani wakaona jambo la kuwakosesha usingizi. Mfereji ukiuzwa mnadani, ardhi yake, iliyo tambarare na inayoambatana na mto hadi kwenye machimbo ya makaa, yaweza kununuliwa na reli nyingine changa, Western Maryland, nayo ikapata njia iliyokwisha chongwa. Basi wakaiambia mahakama kwamba watautengeneza mfereji, wauendeshe, na walipe madeni yake taratibu. Wakautengeneza kweli, ukafunguliwa tena mwaka 1891, na kwa zaidi ya miaka 30 kampuni ya reli ikaendesha mashua za baghala ambazo haikuzipenda, ili ardhi yake isiangukie mikono isiyotakiwa.

Western Maryland ilinunuliwa mwaka 1902 na George Gould, mwana wa bepari mashuhuri Jay Gould, aliyekuwa na ndoto ya kuwa na reli kutoka bahari hata bahari. Reli ilipokosa ardhi ya mfereji ilijijengea njia yake yenyewe kwa gharama kubwa, ikiruka Potomac huku na kule kwa madaraja, ikafika Cumberland mwaka 1906. Miaka miwili baadaye ilikuwa imefilisika, na Gould akatoka. Hata hivyo mwaka 1912 ilikamilisha kipande kilichoivuka milima mpaka Connellsville, mji wa matanuri ya makaa ya kuyeyushia chuma: daraja la Salisbury lenye urefu wa futi 1,908 juu ya bonde la Casselman, na handaki la Big Savage la karibu futi 3,300. Wahandisi walikuwa hodari; tatizo ni kwamba Baltimore na Ohio ilikuwa imekwisha kujenga njia ya kwenda huko huko zaidi ya miaka 40 kabla yao. Milima ikawa na reli mbili pale ilipokuwa ikitosha moja.

Mfereji ulikufa mwaka 1924, gharika ya Machi ilipoubomoa, na safari hii wenyewe hawakuona sababu ya kuufufua. Mwaka 1938, mashaka ya uchumi yakiwa yameibana reli, serikali ya Marekani ikauchukua mfereji mzima kwa dola milioni mbili katika hesabu ya mikopo iliyokuwa ikiidai. Vijana weusi wa jeshi la kazi la serikali, waliowekwa katika kambi zao mbili za peke yao kwa kuwa ubaguzi ulikuwa ndiyo kanuni ya nchi, waliukarabati upya kiasi cha maili 22 za mwisho, wakarudisha maji na kujenga kingo. Nao hutajwa kwa uchache mno na wanaoisifu njia hii.

Sehemu iliyobaki ikaota miti. Baada ya vita vya pili vya dunia ulipendekezwa mpango wa kujenga barabara ya magari juu yake, na tarehe 3 Januari 1954 gazeti la Washington Post likauunga mkono. William O. Douglas, jaji wa Mahakama ya Juu tangu 1939, mtu wa milima na miguu, akaliandikia gazeti hilo barua akimwalika mhariri waende pamoja kwa miguu njia nzima, apate kuona kitu anachotaka kukifukia. Mwaliko ukakubaliwa, na jambo la watu wawili watatu likawa jambo la taifa. Tarehe 20 Machi watu 58 waliondoka Cumberland, wahariri wawili wakiwamo. Jaji, aliyekuwa na miaka 55, akatangulia kwa hatua zilizowachosha vijana. Malengelenge yalipunguza msafara siku hadi siku, na baada ya siku nane walioimaliza njia nzima kwa miguu walikuwa tisa tu. Gazeti likalegeza msimamo wake. Miezi miwili baadaye Douglas alikaa pamoja na majaji wenziwe wanane kutoa hukumu iliyoharamisha ubaguzi katika skuli za umma; sijui kama kuna jaji mwingine ambaye masika yake moja yalikuwa na kazi mbili kama hizo. Hata hivyo serikali haina mwendo wa haraka kuliko baghala: ilikuwa Januari 1971 ndipo mfereji ulipotangazwa kuwa hifadhi ya historia ya taifa.

Western Maryland, yule hasimu mwingine wa Baltimore na Ohio, ikafuata baada ya muda mfupi. Baltimore na Ohio ilikuwa imenunua hisa nyingi za Western Maryland tangu 1927, na mwaka 1973 zote mbili zikawekwa chini ya kampuni moja, ambayo mara iliona upuuzi wa kutunza reli mbili katika milima mimoja. Mwaka 1975 njia ya Western Maryland ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Mtu wa vijijini aliyeitazama ardhi hiyo tupu, ikiwa na madaraja yasiyopitiwa na kitu, hakulaumiwa kwa kudhani kuwa imekwisha.

Kufufuka kwake hakukuwa na siku moja ya sepetu na hotuba. Mwaka 1986 maili tisa zilifunguliwa kwa wapanda baiskeli na watembeaji katika hifadhi ya Ohiopyle, pale pale maporomoko yalipomrudisha Washington. Vyama vya wenyeji vikazuka mji baada ya mji, vingine vikikutana na wakulima waliodai ardhi irudi kwao, vingine vikihangaikia fedha za daraja moja kwa miaka. Mwaka 1995 vikafanya umoja, na njia ikaja kuitwa Great Allegheny Passage. Handaki la Big Savage, lililokuwa limeporomoka, likajengwa upya, na milango yake hufungwa kila kipupwe ili barafu isilivunje. Mwishoni mwa 2006 njia ikafika Cumberland ikaungana na njia ya baghala. Na Juni 2013 kipande cha mwisho kikafunguliwa, hata kwenye ncha ya Pittsburgh ambapo Ohio huanza. Hivyo safari ambayo kampuni ya 1828 iliikusudia, na kuiandika katika jina lake, imekamilika baada ya miaka 185, na kinachoipita ni baiskeli.

Kwa mpandaji, tofauti ya warithi hao wawili huonekana miguuni. Garimoshi, kama baghala, halipendi mlima, lakini huvumilia zaidi. Kwa hiyo upande wa reli njia hupanda polepole mno, chini ya futi mbili kwa kila futi 100, na atokaye Cumberland hupanda maili 24 pasi na kupumzika hata afike kwenye kilele cha futi 2,392, ambapo tone la mvua likianguka upande mmoja huenda Atlantiki na upande wa pili huenda Ghuba ya Mexico. Atokaye Pittsburgh hupanda zaidi ya maili 120 bila kujijua. Hupita Homestead, mahali ambapo Julai 6, 1892 wafanya kazi wa kiwanda cha Andrew Carnegie walipigana kwa bunduki na walinzi wa kukodishwa walioletwa kwa majahazi usiku, na nyumba ya pampu ya kiwanda hicho ingali imesimama kando ya njia. Hupita Connellsville, ambayo matanuri yake yamezimika. Na katika miji kama Meyersdale na Confluence hukuta maduka ya matengenezo ya baiskeli na nyumba za kulala zilizofunguliwa kwa ajili yake, katika barabara ambazo zilikuwa zimeanza kufungwa moja moja. Upande wa mfereji, baadhi ya nyumba za walinzi wa malango hukodishwa kwa usiku, na mgeni huweza kulala mahali alipokuwa akiamshwa na baragumu mtu wa dola 150.

Kati ya mahasimu wa 1828, mmoja tu angali kazini. Reli ya zamani ya Baltimore na Ohio, kwa jina jipya, inapitisha treni ndefu za mizigo ng'ambo ya mto au ng'ambo ya mfereji, usiku kucha, kiasi cha kumkatiza usingizi aliyelala hemani. Juu yake hupita pia treni moja ya abiria kila siku, yenye nafasi chache za kubebea baiskeli ambazo hushikwa mapema. Amalizaye safari Georgetown aweza kuipakia baiskeli yake katika stesheni ya Washington alasiri, akakaa dirishani akiitazama kwa mbali njia aliyoichukua siku nane, na akateremka Pittsburgh karibu na usiku wa manane.